Kauli ya Nesi

Ukitoka kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise kuteremkia mabati ya Kibera, nguzo za stima zimejaa vibandiko: nguvu za kiume, kurudisha mpenzi, "kusafisha tumbo". Hicho cha mwisho kila mpita njia anakielewa. Ukimuuliza sheria inasemaje, atakujibu kwa neno moja: marufuku.

Hajakosea sana, ila hajafika mwisho wa kifungu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na inakataza kuitoa, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha ama afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Ugomvi wote umejificha kwenye hiyo "ama afya". Wapo wanaoshikilia kuwa uhai ni uhai, hauwekwi mizani moja na maradhi ya mtu mwingine. Hoja nzito hiyo, wala haihitaji msahafu wala Biblia. Lakini Katiba imekwisha kupima: ingetaka kuokoa maisha tu, ingeishia hapo. Na kauli haikumpa hakimu, ilimpa mtaalamu.

Mtaalamu yupi? Mitaani humu anayekupokea kwanza ni nesi au afisa wa kliniki. Sheria ya Afya ya 2017 inawatambua wote wawili, na mkunga aliyesomea kazi. Kanuni ya Adhabu, tuliyoachiwa na mkoloni, nayo ingalipo: miaka 14 kwa anayetoa mimba isivyo halali, 7 kwa mwanamke mwenyewe. Halali ni ipi, vifungu hivyo vyenyewe havisemi. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo 2012, ikauondoa 2013, mwaka uleule utafiti wake yenyewe ulipokadiria kuwa mimba 464,000 hivi zilitolewa nchini 2012.

Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kuuondoa mwongozo huo kulikiuka Katiba. Kesi ililetwa na chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, na wenzake, kwa ajili ya msichana aliyebakwa, akatolewa mimba kienyeji, figo zikaharibika, akafariki 2018. Majaji waliongeza kuwa mimba ya ubakaji yaweza kutolewa mtaalamu akiona inahatarisha maisha au afya ya mama, ya akili ikiwemo.

Nesi anayebishiwa hodi saa nne usiku huenda hajaisoma hukumu hiyo. Anachokumbuka ni 2004, daktari mmoja wa Nairobi na wauguzi wawili walipotiwa rumande kwa shtaka la mauaji. Walikaa ndani mwaka mzima hivi, ndipo mahakama ikawaachilia.