Mafuta Hayafufui Kibonye cha Kinanda

Kila kiangazi, wapiga vinanda wa makanisa ya Machakos huuliza swali lilelile: vibonye vitatu vimekufa, nipulizie WD-40 kiasi gani? Usipulizie hata tone. Swali lenyewe limeanzia pabaya, kwa kuwa linadhani kibonye kimekwama. Kilichokwama utakiona: ukikibonyeza hakirudi juu. Kinachoshuka na kupanda vizuri lakini hakitoi sauti hakina shida ya mwendo, kina shida ya umeme, na mafuta hayo hayapitishi umeme.

Tazama kilichomo chini ya kibonye. Kuna mkanda wa raba wenye vivimbe vilivyo wazi ndani, na kwa kinanda kinachotofautisha pigo zito na jepesi, kila kibonye kina vidonge viwili vyeusi vya kaboni. Kimoja hugusa bodi mapema kidogo kuliko cha pili, na kinanda hupima muda ulio kati ya miguso hiyo ili kijue umepiga kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana kibonye kinachougua mara nyingi hupayuka ovyo kabla ya kunyamaza kabisa. Chembe moja ya vumbi jekundu, lile linaloingia kinanda kikisafirishwa bila mfuko kwenye barabara za Mwala, inatosha kuzuia kaboni isifike kwenye bodi. WD-40 iliundwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, kazi yake ikiwa kufukuza maji kwenye chuma na kuzuia kutu. Humu hakuna chuma cha kuokoa. Kimiminika chake chepesi hukauka, mafuta yakabaki juu ya kaboni na kunasa vumbi jipya. Raba inaweza kuvimba. Na grisi inayozuia vibonye visigongegonge huoshwa. Baya zaidi, vivimbe vya raba huunganishwa na vijia vya hewa, na mafuta yakipenya humo husafiri hadi kwa majirani. Ulianza na vibonye vitatu, sasa una saba.

Utaambiwa cha fulani kilipona. Huenda kililia kwa muda, kwa sababu kimiminika kilisukuma uchafu kando. Kuusukuma si kuuondoa. Utaambiwa pia kwamba mafundi hupulizia vitufe vya sauti. Wanachotumia ni dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo pia ukiipuliza kutoka juu kati ya vibonye itateremsha vumbi pale pale usipolitaka. Hata spiriti ya hospitali isomwe kibandiko kwanza, maana nyingine huwa na mafuta ya mbarika.

Basi fanya hivi. Rudisha mipangilio ya kiwandani, kwani wakati mwingine kinanda kimegawanywa sehemu mbili na sauti ya upande mmoja imezimwa. Piga vibonye vyote, andika vilivyo kimya. Vikifuatana kwa nafasi sawa, tuseme kila cha nane, kosa liko kwenye waya, dayodi au bodi. Mpelekee fundi anayejua kulehemu, usafi hautasaidia. Vikitawanyika ovyo au vikikaa pamoja pale soda ilipomwagika, chomoa umeme, toa betri, piga picha kila hatua, tenga skrubu kwa urefu. Bandua mkanda wa raba polepole, pangusa bodi kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kaboni ya raba uiguse kwa kitambaa kikavu tu, bila msasa na bila kusugua. Acha pakauke kabisa, rudisha vichomeko vya raba kwenye matundu yake kwa ncha butu, bila gundi, kisha jaribu sauti kabla ya kufunga skrubu zote. Kaboni ikiwa imelika hadi raba inaonekana, agiza mkanda mwingine kwa namba ya modeli iliyo chini ya kinanda. Risasi ya penseli inayopakwa hapo haidumu.