Bingwa wa Kujificha

Pakifanywa mashindano ya mahali pabaya zaidi pa kujificha nchini Kenya, kura yangu ni ya Birongo. Hapa Gusii shamba limekumbatia shamba: chai, migomba, mikaratusi, halafu mlango wa jirani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii. Ng'ombe akikata kamba usiku, kabla ya uji wa asubuhi kila mtu ameshajua alikula mahindi ya nani. Amanani, yale mazimwi ya hadithi za nyanya zetu, hayana pa kulala.

Kati ya wanyama wanaosemekana kujificha, mwenye sifa kubwa zaidi magharibi ya Kenya ni dubu wa Nandi. Mwaka 1912 Geoffrey Williams aliandika kwamba alimwona Uasin Gishu, karibu na mwamba wa Sirgoit, na baadaye walowezi nao wakasema wamemwona. Ajabu ni kwamba kusini ya Sahara hakuna dubu wa asili. Wanandi walikuwa na zimwi lao, chemosit, ambaye A. C. Hollis alimwandika mwaka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, matako tisa, mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Matako tisa yaligeukaje dubu, waulize walowezi.

Wapo wanyama wa kweli waliochelewa kuingia vitabuni. Okapi wa Ituri, 1901. Gorila wa milimani, 1903, baada ya afisa Mjerumani Robert von Beringe kupiga risasi wawili Mlima Sabinyo, Oktoba 1902. Rekodi ya karne hii ninampa kipunji wa Mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania: watafiti walimwona 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa tumbili wa Afrika tangu 1923. Lakini alikuwa amejificha nani asimwone? Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina, na maneno yao ndiyo yaliyowapandisha watafiti mlimani.

Jitu la mfano wa sokwe lingepata taabu zaidi kujificha. Sokwe na gorila hutandika kiota kipya karibu kila jioni, na watafiti huwahesabu kwa viota tu, bila kuwaona wenyewe. Tena jitu haliishi peke yake karne nzima. Lina mama, lina wana, na wote wanakula na kunya. Kule Bili, kaskazini mwa Kongo, zilivuma habari za manyani makubwa yanayoua simba. Vipimo vya DNA vilipotoka, walikuwa sokwe wale wale wa mashariki, ila baadhi yao hulala chini.

Kombe langu la kujificha linakwenda kwa Simbakubwa kutokaafrika. Si simba, wala si wa ukoo wa paka, ingawa aliwazidi simba wote wa leo kwa ukubwa. Aliishi miaka kama milioni 22 iliyopita. Mifupa yake ilichimbwa Meswa, upande wa Muhoroni, mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawekwa kwenye droo ya makumbusho Nairobi, na hadi 2019 hakuwa na jina. Miaka hiyo yote, nje ya jengo, matatu zilikuwa zikipiga honi.