Mikrobe ya kolera haingoji: na wewe usingoje

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayechota maji ya nyumba, mara nyingi watu wanauliza: namna gani mtu anaamka mzima asubuhi, na jioni kolera imekwisha kumlaza? Jibu moja liko ndani ya mikrobe yenyewe.

Mikrobe ya kolera ni ndogo sana: ukipanga 400 kwa mstari, unapata milimita 1 hivi. Ndani yake mna nyuzi mbili zilizofungwa kama pete. Zinaitwa kromosomu, nazo zinabeba maagizo yote ya maisha yake. Wataalamu walitangaza mwaka 2000 kwamba wamezisoma zote: kubwa ina herufi karibu milioni 3, ndogo karibu milioni 1. Ile kubwa ikinyooshwa inafika milimita 1, ni kusema mara 400 kupita urefu wa mikrobe!

Mikrobe inazaa kwa kujigawa sehemu mbili. Kila sehemu lazima ipate nyuzi zote mbili. Ikikosa moja, inakufa. Basi, nyuzi ndefu hivi zinaachanaje?

Seli za mwili wetu zinanakili nyuzi zote kwanza, kisha ndipo zinazitenga. Mikrobe haina subira hiyo. Uzi mkubwa ukianza tu kunakiliwa, protini moja inashika mwanzo wa nakala, na nyingine inauvuta mpaka upande wa pili wa mikrobe, huku kunakili kungali kunaendelea. Uzi mdogo unangoja zamu yake: kazi ya uzi mkubwa ikifika mahali fulani, hiyo ni alama ya kuanza, hata zote mbili zinamalizika karibu pamoja. Halafu ukuta unajengwa katikati.

Penye joto na chakula cha kutosha, mikrobe moja inaweza kuwa mbili kwa dakika 20 hivi. Hesabu mwenyewe: baada ya saa 1 ni 8, baada ya saa 4 ni 4.096. Zikijaa matumboni, zinatoa sumu inayomwaga maji ya mwili.

Kwa hiyo:

– Chemsha maji ya kunywa, uyaweke katika chombo safi chenye kifuniko.

– Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, na mbele ya kupika, kula au kulisha mtoto.

– Kula chakula kingali moto. Kilicholala, kipashe mpaka kichemke.

– Mtu akihara maji kama ya kuoshea mchele, usingoje kuche. Mpeleke dispanseri mara moja. Njiani anywe kidogo kidogo: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kolera inaweza kuua kwa saa chache. Lakini anayerudishiwa maji mapema, karibu kila mara anapona.