Kwa nini simu iliyofulashiwa hukataa kufuli

Mchuuzi wa samaki katika ufuo wa Dunga, Kisumu, humpelekea fundi rununu iliyokwama kwenye nembo ya kampuni asubuhi, na kuichukua alasiri ikiwaka kama mpya. Matata huanza jioni anapotaka kuiwekea kufuli ya skrini. Pengine nambari ya siri inakubaliwa, kisha inakataliwa dakika moja baadaye. Pengine ukurasa wa kuiweka hujifunga wenyewe, au mstari mzima wa kufuli umefifia na haugusiki.

Kwa mtu ambaye mauzo yake yote ya siku hupitia M-Pesa, hiyo si kero ndogo. Ni kweli kwamba M-Pesa ina nambari yake ya siri. Hata hivyo, anayeokota simu iliyo wazi husoma kila ujumbe: salio, majina ya wateja, na hata nambari za uthibitisho zinazotumwa na benki.

Neno lenyewe limehama maana. Miaka ya kwanza ya rununu nchini Kenya, kumfulashi mtu kulikuwa kumpigia na kukata kabla hajapokea, ili yeye ndiye agharamie mazungumzo. Leo mafundi wa Kondele, Mbita au Usenge wanapotaja kufulashi humaanisha kuiunganisha simu na tarakilishi na kuandika upya mfumo unaoiendesha.

Hapo ndipo penye chanzo cha tatizo. Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa vyumba. Mfumo wa uendeshaji hukaa katika chumba kimoja. Picha, programu na kumbukumbu za mwenye simu hukaa katika kingine. Fundi anayetaka kuokoa picha za mteja huandika upya chumba cha kwanza na kukiacha cha pili kama kilivyokuwa. Nia ni njema, lakini kumbukumbu za kufuli ya awali husalia humo.

Nambari ya siri haiandikwi waziwazi ndani ya simu. Huthibitishwa na kitengo maalumu kilichotengwa ndani ya kichakataji, ambacho waundaji wa Android walikiita Gatekeeper, yaani bawabu. Baada ya kufulashi, bawabu huyo anaweza kujikuta ameachiwa daftari asiloweza kulisoma. Nambari inaweza kuwa sahihi kabisa, naye akaikataa.

Dawa yake ni kukifuta chumba cha pili pia. Picha na majina ya watu yanakiliwa kwanza kwingineko, iwapo simu bado inafunguka. Kisha simu huzimwa na kuwashwa kwa kubonyeza pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti, ingawa vitufe hivyo hutofautiana kati ya aina na aina. Katika orodha inayotokea, mstari unaotafutwa huwa na maneno 'Wipe data/factory reset'. Kila kitu kilichosalia katika simu hupotea, na hakuna njia ya kukirudisha.

Kabla ya hatua hiyo mwenye simu sharti akumbuke anwani yake ya barua pepe ya Google na neno lake la siri. Tangu toleo la 5.1 la Android, lililotoka mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa njia hiyo inaweza kudai akaunti iliyokuwamo awali. Wengi hudhani ni hitilafu. La, ni kinga dhidi ya wezi, na inafanya kazi yake. Aliyenunua simu kuukuu inayodai akaunti ya mtu asiyemjua amrudie aliyemuuzia, badala ya kutafuta fundi wa kuikwepa kinga hiyo.

Ikiwa simu imefutwa kabisa na kufuli bado inagoma, yamkini iliandikiwa mfumo wa simu nyingine. Simu mbili zenye jina moja dukani huweza kuwa na nambari tofauti za modeli, na mfumo wa moja usielewane na bawabu wa nyingine. Nambari ya modeli hupatikana katika Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Ni busara kuinakili simu ikiwa bado nzima. Hapo hakuna budi kuiandika simu upya kwa mfumo wake halisi.

Mstari uliofifia una habari yake. Mara nyingi kuna programu iliyopewa mamlaka ya usimamizi, au cheti cha usalama kilichowekwa. Katika sehemu ya Usalama, mamlaka hayo huondolewa na vitambulisho hufutwa. Simu za mkopo ni jambo jingine: mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao Safaricom ilizindua pamoja na Google mwaka 2020, ulimwezesha mkopeshaji kuifunga simu ya asiyelipa. Kufulashi hakufuti deni.

Alama ya kidole haiwezi kuwa mbadala, kwani Android hudai nambari ya siri, neno au mchoro kwanza. Isitoshe, vidole vilivyolowa maji na magamba ya ngege havisomeki vyema.

Wakati kufuli ingali imegoma, laini yenyewe inaweza kuwekewa nambari ya siri. Mwizi akiihamishia katika simu nyingine, itamdai nambari hiyo. Akikosea mara tatu itajifunga hadi apate nambari ya PUK, na PUK ikikosewa mara kumi laini hufa. Kasoro yake ni kwamba haisaidii simu inapoibwa ikiwa imewashwa tayari.

Kibandani kwa fundi, jaribio huchukua dakika chache tu, na lifanywe kabla ya kulipa: weka nambari ya siri, zima simu, iwashe, kisha uifungue kwa nambari hiyo.