Wanawake wa Jukwaani na Kantini ya Askari

Machi 2, 1942, chini ya jumba la maonyesho la 44th Street Theatre jijini New York, ilifunguliwa kantini ya askari iliyoitwa Stage Door Canteen. Askari wa vyeo vya chini waliingia bure, wakala bure, wakacheza dansi. Maofisa hawakuruhusiwa, wala pombe haikuuzwa. Aliyewaletea chakula mezani au kuwaondolea vyombo aliweza kuwa nyota wa Broadway.

Chimbuko lake ni mwaka 1917. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, mwandishi wa tamthilia Rachel Crothers na wenzake, akiwemo mwigizaji Josephine Hull, walianzisha Stage Women's War Relief. Walishona nguo, wakatengeneza bendeji, wakauza hati fungani za kugharimia vita. Crothers alikuwa akiandika tamthilia kuhusu wanawake wanaopimwa kwa kipimo tofauti na cha wanaume, na mara nyingi akiziongoza mwenyewe. Aliyezoea kuwakusanya waigizaji, mafundi na mavazi hadi pazia lifunguliwe kwa saa iliyotangazwa, hakuhitaji kufundishwa kuendesha shirika la misaada. Ndiyo maana sikubali kazi hii iitwe hisani ya mabibi wenye nafasi. Ilikuwa kazi ya watu wenye ujuzi.

Vita vya Pili vilipozuka, Crothers na Hull waliufufua umoja ule pamoja na kina Gertrude Lawrence, mwigizaji, na Antoinette Perry, mwongozaji wa tamthilia, ukawa American Theatre Wing. Kantini ilikuwa kazi yake mashuhuri kuliko zote.

Kwangu, jambo kubwa kuliko yote lilitokea pale kwenye sakafu ya dansi. Jeshi la Marekani lilikuwa bado likiwatenga askari weusi katika vikosi vyao. Kantini iliwapokea wote kwa mlango mmoja, na wasichana wa kujitolea, weusi kwa weupe, walitakiwa kucheza na yeyote aliyewaomba. Baadhi ya wasichana weupe walisitasita. Mwandishi Margaret Halsey, aliyesimamia zamu mojawapo, aliwaandikia waraka akiwaeleza waziwazi kwamba woga wao hauna msingi. Amri ya Rais Truman ya kukomesha ubaguzi jeshini ilikuja mwaka 1948, wakati Kantini ilikuwa imeshafungwa.

Na jukwaa lenyewe halikusimama. Mwaka 1944, vita vikiendelea, Perry aliongoza Harvey, komedi ya Mary Chase, Hull akiwa miongoni mwa waigizaji. Mwandishi mwanamke, mwongozaji mwanamke. Tamthilia ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1945 na kuonyeshwa mara 1,775.

Perry alifariki Juni 1946. Aprili 1947 Wing ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo za heshima yake, zinazojulikana kama Tony, jina alilozoea kuitwa na rafiki zake. Leo hakuna tuzo inayotamaniwa zaidi Broadway, na wengi wanaoipigania hawajui kwamba Tony alikuwa mwanamke, tena mwongozaji.