Mayai Mekundu na Dawa ya Chumvi

Yai lililotagwa leo hushika rangi bila taabu, ila kulimenya ni shughuli. Huko Ugiriki mayai ya Pasaka hupakwa rangi nyekundu Alhamisi Kuu, na familia yenye kuku wake uani hukutana na tatizo hilo mezani: ganda linabanduka na minofu ya ute, na yai linabaki kama lililotafunwa na panya. Kila mwaka swali huwa lilelile, chumvi itiwe vijiko vingapi kwenye maji ya kuchemshia ili ganda liachie. Hakuna idadi itakayosaidia.

Chanzo ni kaboni dioksidi iliyomo kwenye ute. Yai likitoka kutagwa, pH ya ute ni karibu 7.6, na ute wa namna hiyo ukiiva hung'ang'ania utando wa ndani ya ganda. Hewa hiyo hutoka kidogo kidogo kupitia maelfu ya vitundu vya ganda, pH hupanda kupita 9, na ute huachia. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Chumvi ya sufuriani haiwezi kuimaliza kwa dakika kumi, na hata ingepenya, haipandishi pH. Siki ikitiwa kwa lengo hilohilo ndiyo kichekesho zaidi: ni asidi, yaani inavuta kwenye pH ya chini, kulekule kunakolalamikiwa. Magadi walau yanaelekea upande unaofaa, lakini nayo yanakwama kwenye ganda. Jambo moja chumvi na siki huliweza: ganda likipasuka jikoni, ute unaochuruzika huganda upesi na kuziba ufa. Kuziba ufa si kumenya. Anayeapa kwamba chumvi haijawahi kumwangusha, aghalabu alichemsha mayai ya wiki iliyopita.

Mahali pa siki ni kwenye rangi. Rangi nyingi za chakula zina chaji hasi. Asidi huzipa protini za juu ya ganda chaji chanya, rangi ikanasa. Kijiko kidogo kwa nusu kikombe cha maji moto kinatosha. Ikizidi, siki huanza kula ganda lenyewe: viputo hupanda, na yai la kahawia likisuguliwa kidogo, ukahawia wake hubaki kidoleni.

Yaliyobaki ni mafupi. Mayai yatengwe kwenye friji siku saba hadi kumi. Muda ukiwa haupo, yatumbukizwe kwenye maji yanayotokota, kamwe si ya baridi, dakika kumi na mbili, kisha kwenye maji ya barafu. Mikono ya watoto isiwe na mafuta, maana rangi haishiki penye mafuta. Maganda makavu ya vitunguu vya ganda la manjano, yakichemshwa nusu saa na kutiwa siki, hutoa rangi ya tofali kwenye yai jeupe na damu ya mzee kwenye la kahawia. Mayai yaliyochemshwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na yaliwe ndani ya wiki.