Siri za Watu Mfukoni: Namna ya Kulinda Taarifa Nyeti katika Flashi

Safari ya kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mganga, mtakwimu, karani na mtafiti wote huifanya, na mara nyingi hubeba mfukoni kifaa kisichozidi urefu wa kidole, kiitwacho flashi. Kwa wakazi wa vijiji ambavyo mtandao wake ni wa kubahatisha, flashi ni posta, ni kabati na ni daftari kwa pamoja. Ndani yake mwaweza kuwamo majina ya watu elfu kumi pamoja na maradhi yao, madeni yao na asili zao. Katika makala haya tutaeleza jinsi taarifa hizo ziwezavyo kulindwa kwa usimbaji, na kwa nini usimbaji peke yake hautoshi.

Yafaa mwandishi aanze kwa kueleza kosa lake mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa Mpanda nikichunguza kifua kikuu miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu ambao vumbi la mawe huwadhuru mapafu na kuwafanya waambukizwe maradhi hayo kwa urahisi zaidi. Majibu ya mahojiano niliyaweka katika flashi: jina, kijiji, tarehe ya kuanza dawa, na safu moja iliyoonyesha ni nani aishiye na virusi vya UKIMWI. Flashi hiyo haikuwa na kufuli ya aina yoyote. Siku ya kuondoka iliniponyoka karibu na stendi ya mabasi.

Siku ya tatu nilipigiwa simu na kijana mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Alikuwa ameiokota, akaifungua katika kompyuta yake, akaikuta namba yangu katika barua moja. Nilipokwenda kuichukua alinipokea kwa adabu.

“Shikamoo, mwalimu. Nimeifungua ili nimjue mwenyewe tu.” Kisha akasema kwa sauti ya chini: “Ila na jirani yangu yumo.”

Kijana yule hakukosa. Niliyekosa ni mimi. Nilimwendea mgonjwa yule nikamkiria. Alinisamehe, lakini hakukubali kuhojiwa tena, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Tukio hilo si la ajabu. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliotangazwa mwaka 2016, flashi 297 ziliachwa makusudi mahali mbalimbali. Karibu zote ziliokotwa, na katika 45 kati ya kila 100 mwokotaji alifungua faili moja au zaidi. Wengi waliohojiwa walieleza kwamba walitaka kumrudishia mwenye mali. Ni dhahiri basi kwamba siri haihitaji mwizi ili ivuje. Hata mwema aweza kuivujisha.

FUMBO NA UFUNGUO

Wahenga walisema: Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling’amua. Methali hii yaeleza vizuri udhaifu wa mafumbo ya kale. Chukua kwa mfano mchezo wa kinyume uliojulikana pwani, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa: nyumba huwa mbanyu, na siri huwa risi. Aijuaye kanuni ya kinyume ayajua yote yasemwayo.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa maandishi ya siri wapaswa kuwa salama hata kama adui aujua wote, maadamu ufunguo wake haujui. Huu ndio msingi wa usimbaji wa leo, yaani kazi ya kuyageuza maandishi kuwa mchafuko wa tarakimu usiosomeka pasipo ufunguo.

Kanuni itumikayo zaidi huitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na serikali ya Marekani iliikubali mwaka 2001 baada ya kushindanishwa hadharani na kanuni nyingine 14. Kila hatua yake imechapishwa. Kilicho siri ni ufunguo tu. Ufunguo wa biti 256 huchaguliwa miongoni mwa namba nyingi mno, hata idadi yao ikiandikwa huwa na tarakimu 78. Hakuna kompyuta iwezayo kuzijaribu zote. Hapa hata mwerevu hang’amui.

Flashi ya kawaida yaweza kusimbwa kwa programu kama BitLocker, iliyomo katika baadhi ya matoleo ya Windows, au VeraCrypt, isiyolipiwa. Ziko pia flashi zenye kisimbaji ndani yake, na nyingine zina vitufe vya namba mgongoni. Baadhi ya hizo hufuta ufunguo wake mtu akikosea mara kadhaa mfululizo.

Hata hivyo, cheti si kinga kamili. Mwaka 2010 wataalamu wa kampuni ya SySS ya Ujerumani walionyesha kwamba flashi kadhaa zilizouzwa na makampuni mashuhuri, zenye AES na vyeti vya serikali ya Marekani, ziliweza kufunguliwa bila ya neno la siri. AES yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika programu ya kukagua neno la siri: kila neno lilipokubaliwa, programu ilituma kwa flashi ishara ile ile moja, na aliyeijua ishara hiyo aliweza kuituma mwenyewe. Mlango ulikuwa wa chuma, lakini bawabu alifungulia kila aliyegonga kwa mlio fulani.

UDHAIFU WA BINADAMU

Ufunguo wa biti 256 hakuna awezaye kuukariri. Kwa hiyo mashine huutengeneza kwa bahati nasibu, kisha huufungia kwa neno la siri la mtumiaji. Hivyo nguvu ya kufuli yote huishia kuwa nguvu ya neno hilo. Neno la tarakimu nne lina namna 10,000 tu, na pasipo kizuizi cha kuhesabu makosa, kompyuta huweza kuzimaliza upesi. Jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa au methali ijulikanayo ni mambo ambayo mdukuzi huanza nayo.

Njia bora ni kuchagua maneno kwa dadu. Katika orodha ya maneno 7,776, kila neno hupatikana kwa kurusha dadu mara tano. Maneno sita yaliyopatikana hivyo yana namna zaidi ya trilioni bilioni mia mbili, na bado mtu aweza kuyakariri.

Pamoja na hayo, mbebaji hana budi kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, aisimbe flashi kabla ya kuweka chochote. Kufuta faili hakuondoi taarifa zote; masalia yake huweza kufufuliwa.

Pili, asiifungue katika kompyuta ya duka. Flashi ikishafunguliwa, programu haribifu huyasoma yote kama ayasomavyo mwenyewe.

Tatu, aweke nakala nyingine iliyosimbwa mahali pengine. Flashi hufa bila ya kuaga, na neno la siri likisahauliwa hakuna fundi wa kulirudisha.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, asibebe lisilohitajika. Majina yabaki katika kabati lenye kufuli, na flashi ibebe namba za wagonjwa tu. Kisichobebwa hakipotei.

WAJIBU WETU

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya na za asili ya mtu kuwa taarifa nyeti. Katika Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Katumba na Mishamo wanaishi watu wengi miongoni mwa zaidi ya 162,000 wenye asili ya Burundi waliopewa uraia wa Tanzania, na ambao vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Orodha ya asili za watu ikitoka ofisini yaweza kuwafuata watoto wao mpaka shuleni.

Hivyo basi, tunapofundisha vijana wetu utafiti, tuwafundishe pia kwamba kila safu ya jedwali ina mtu nyuma yake. Mgonjwa aliyemweleza mtafiti siri yake hakumpa mali; alimpa amana. Na amana hufungwa kabla ya safari, si baada ya kupotea.